Kichwa cha Mama Mkubwa na mnara wa nyuma ya nyumba

Mama Mkubwa wangu, dada yake mama, anakaa Ujiji, na kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akinunua dagaa wabichi alfajiri pale Kibirizi, akiwaanika na kuwauza kwa wafanyabiashara wanaowasafirisha kwa treni. Biashara hiyo siku hizi haiendi bila simu, kwa kuwa mnunuzi wa mbali huuliza bei kabla jua halijapanda, na asiyepokea hupitwa na jirani yake. Kwa hiyo alipoanza kuifungia simu yake ndani ya sufuria yenye mfuniko, juu ya kabati la jikoni, akisema kwamba ikiwa karibu naye kichwa kinataka kupasuka, halikuwa jambo dogo kwetu. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam alimpigia siku nne mfululizo bila kumpata, hadi akanipigia mimi niende kuangalia kama mama yake ni mzima.

Nilimkuta mzima, lakini amechoka kuliko nilivyowahi kumwona. Alinieleza kwamba maumivu yalianza miezi michache baada ya mnara wa simu kusimikwa katika kiwanja kilicho nyuma ya nyumba yake, umbali usiozidi mita sitini kutoka dirisha la chumba anacholala. Kichwa humbana kuanzia utosini, masikio huvuma, usingizi hukatika usiku wa manane, na akiweka simu sikioni kwa dakika chache shavu hupata joto na moyo huanza kwenda mbio. Alikuwa amekwenda zahanati moja kulieleza hilo, na aliyempokea alicheka mbele ya wagonjwa wengine, akamwambia kwamba mnara hauumizi mtu, akampa vidonge vya kutuliza maumivu. Tangu siku hiyo hakurudi kwa mganga yeyote.

Mimi ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Kigoma, na nilipomsikiliza nilidhani kwamba kazi yangu ilikuwa nyepesi, kwa maana jambo hili nilikwisha kulisoma. Kuhusu chanzo cha maumivu yake, msimamo wangu wa siku ile bado ni uleule. Kuhusu namna nilivyomweleza, nilikosea, na kosa hilo lilituchukua miezi kulirekebisha.

Niseme kwanza kwamba Mama Mkubwa hayuko peke yake. Watu wanaosema kwamba simu, minara na vifaa vya umeme vinawaumiza wako katika nchi nyingi, na Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa maalumu kuwahusu mnamo Desemba 2005. Taarifa hiyo inataja wekundu na mwasho wa ngozi, uchovu, kushindwa kutuliza akili, kizunguzungu, kichefuchefu na mapigo ya moyo kwenda kasi. Inasema mambo mawili ambayo watu wengi hulichukua moja na kuliacha la pili: kwamba dalili hizo ni za kweli na zinaweza kumlemaza mtu, na kwamba hakuna msingi wa kisayansi wa kuzihusisha na mawimbi yenyewe. Nimekwisha kuona wanaosoma nusu ya kwanza na kubomoa uzio wa mnara, na wanaosoma nusu ya pili na kumcheka mgonjwa.

Ninaamini kwamba sehemu ya hofu hii, katika lugha yetu, imo ndani ya neno lenyewe. Tunasema mionzi ya simu, na neno hilohilo la mionzi ndilo linalobandikwa kwenye mlango wa chumba cha eksirei pamoja na alama ya hatari. Ndilo tunalolitumia tunaposema kwamba jirani mwenye saratani amekwenda Bugando kule Mwanza, au Ocean Road kule Dar es Salaam, kuchomwa mionzi, naye anarudi ngozi imebadilika rangi. Mtu aliyeyaona hayo akiambiwa kwamba nyuma ya nyumba yake pana mashine inayotoa mionzi mchana na usiku, atalalaje? Mionzi ya eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni katika atomu za mwili na hivyo kuharibu chembe hai. Mawimbi ya simu ni ya ukoo wa mawimbi ya redio, na nguvu iliyomo katika kila punje ya wimbi la megaherzi 900, mojawapo ya masafa yanayotumiwa na simu, ni ndogo mara zaidi ya milioni moja kuliko inayohitajika kufanya kazi hiyo. Hata mwanga wa taa ya chemli unayapita kwa mbali. Shuleni somo hili tunalifundisha kwa Kiingereza, na nimeanza kuelewa kwamba ndiyo maana halivuki kizingiti cha darasa kufika nyumbani kwa mzazi.

Mama Mkubwa hakuridhika na maelezo hayo, na sababu yake ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Alinikumbusha redio yake ya zamani iliyokuwa ikikaa kando ya simu, ambayo ilikuwa ikitoa mngurumo wa kukatikakatika sekunde chache kabla simu haijaita. Akaniuliza: "Baba, kama redio inalisikia jambo hilo kabla ya mtu kupiga, kichwa changu kilicho karibu zaidi kitakosaje kulisikia?"

Swali hilo linastahili jibu kamili. Simu za mfumo wa GSM, yaani za kizazi cha pili, hazitumi mawimbi mfululizo. Hutuma kwa vipande vifupi, kama mara 217 kwa sekunde, kwa sababu simu kadhaa hugawana masafa yaleyale kwa zamu. Nyaya za redio huyadaka mawimbi hayo, na transista zilizomo ndani yake huyageuza kuwa mkondo mdogo wa umeme unaopanda na kushuka mara 217 kwa sekunde, kiwango ambacho spika inaweza kukitoa kama sauti na sikio likakisikia. Kwa hiyo mngurumo ule ulikuwa wa kweli, na uliletwa na simu kweli. Lakini kichwani hakuna transista. Nyama na maji ya mwili huyapokea mawimbi hayo na kuyageuza kuwa joto, na joto hilo ndani ya ubongo ni sehemu ndogo ya digrii moja, dogo kuliko tofauti ambayo mwili huipitia wenyewe kati ya alfajiri na jioni. Joto alilolisikia shavuni linatokana zaidi na betri, pamoja na simu yenyewe kuziba hewa isipite kwenye ngozi.

Kuhusu mnara, wengi hushangaa wakiambiwa kwamba simu iliyo sikioni humfikishia mtu mawimbi mengi kuliko mnara ulio nyuma ya nyumba. Nguvu ya wimbi hupungua kwa kasi kadiri unavyokwenda mbali, kiasi kwamba ukiongeza umbali mara mbili unabaki na robo tu. Antena za mnara nazo hutupa mawimbi yake karibu sambamba na ardhi, yakiinama kidogo, kama kurunzi iliyoshikwa juu na kuelekezwa ng'ambo, hivyo aliye chini yake hapati sehemu kubwa. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2006, lilieleza kwamba vipimo vilivyofanywa karibu na minara vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya viwango vya kimataifa, na viwango hivyo, kwa mwili mzima wa raia wa kawaida, vimewekwa mara 50 chini ya kiasi kinachojulikana kuanza kuleta madhara. Taarifa hiyo inaongeza jambo lililonigusa kama mtu wa Kigoma, ambako tumekua tukisikiliza stesheni za kwetu, za Burundi na za Kongo: kwa mawimbi ya kiwango kinacholingana, mwili hufyonza hadi mara tano zaidi ya yale ya redio ya FM na televisheni kuliko ya mnara wa simu, kwa sababu urefu wa mwanadamu unayapokea vizuri zaidi mawimbi ya masafa hayo. Nayo tumeishi nayo kwa miongo mingi. Mtu wa vijiji vya kando ya ziwa, ambaye hupanda kilima kuutafuta mtandao, simu yake hujitutumua kwa nguvu zote ili kuufikia mnara ulio mbali, kwa hiyo yeye asiye na mnara ndiye anayepata mawimbi mengi zaidi sikioni.

Hesabu hizo, hata hivyo, hazimalizi mjadala, kwa kuwa mtu anaweza kusema kwamba wapo wachache ambao miili yao inahisi kile ambacho vipimo vinakidharau. Dai hilo linaweza kupimwa, nalo limepimwa kwa uangalifu. Katika chuo cha King's College London, James Rubin na wenzake walichapisha mwaka 2006 jaribio la watu 60 waliosema simu zinawaumiza kichwa na wengine 60 wasio na tatizo hilo. Kila mmoja alikaa dakika 50 na kifaa kichwani, kwa siku tofauti, wakati mwingine kikitoa mawimbi ya simu na wakati mwingine kikiwa hakitoi chochote, na wala yeye wala mtafiti aliyekuwa naye hakujua siku ipi ni ipi. Wale wenye malalamiko waliumwa kichwa, tena baadhi yao waliumwa vikali. Lakini waliumwa vivyo hivyo siku ambazo hapakuwa na mawimbi. Walipoulizwa kama kifaa kilikuwa kinafanya kazi, asilimia 60 walisema ndiyo wakati kweli kilikuwa kinafanya kazi, na asilimia 63 walisema ndiyo wakati kilikuwa hakitoi kitu. Chuo Kikuu cha Essex kilifanya jaribio la aina hiyo kwa mawimbi ya mnara, kikachapisha matokeo mwaka 2007, na pale washiriki walipoambiwa kwamba mawimbi yapo walijisikia vibaya. Walipofichwa, tofauti hiyo ikaondoka. Kufikia mwaka 2010 Rubin alikuwa amekusanya majaribio 46 ya namna hiyo yenye jumla ya watu 1,175, na hakukuta ushahidi wa kuaminika kwamba mawimbi ndiyo yanayoleta dalili.

Hapa ndipo nilipokosea. Niliona kwamba njia ya kumsaidia Mama Mkubwa ni kumfanyia jaribio kama hilo sebuleni kwake. Aliniruhusu, tena kwa furaha, kwa kuwa alikuwa na hakika ya kushinda. Niliweka simu ndani ya kisanduku cha mbao, na mjukuu wake akawa anarusha shilingi nje ya nyumba kuamua kama simu iunganishwe na nyingine au izimwe kabisa, kisha anakileta kisanduku kimefungwa. Mimi nilikaa na Mama Mkubwa bila kujua kilichomo. Tulifanya mara kumi kwa muda wa wiki mbili, na kila mara alisema anavyojisikia nami nikaandika kwenye daftari. Alipatia mara nne. Siku aliyoumwa kuliko zote, hata akaomba alale, simu ilikuwa imezimwa.

Nilimsomea matokeo jioni, mbele ya watoto na wajukuu, kwa sauti ya mwalimu anayerudisha mitihani. Alinisikiliza hadi mwisho, akajifunika mtandio wake vizuri, akasema, "Kwa hiyo mimi ni mwongo, mwanangu?" Kisha akaingia chumbani. Nilipokwenda kumsalimu wiki iliyofuata aliitikia shikamoo yangu na kunyamaza.

Nilirudia kuyasoma majaribio yale kwa macho mengine, na nikaona kile nilichokuwa nimekiruka. Watu wale wa London waliumwa. Hakuna aliyeandika kwamba walidanganya. Mtu anayetarajia kuumizwa mwili wake hujiandaa kuumia: misuli ya shingo na ya kichwa hukaza, moyo huongeza kasi, usingizi hupungua, na maumivu yanayotokea hapo huumiza sawasawa na maumivu mengine yoyote. Mwaka 2013 Rubin na mwenzake Michael Witthöft walionyesha jinsi hofu hiyo inavyoweza kupandwa. Waliwaonyesha baadhi ya watu filamu ya habari kuhusu hatari za mawimbi na wengine filamu isiyohusiana na jambo hilo, kisha wakawaambia wote kwamba wanapigwa na mawimbi ya intaneti isiyo na waya, ilhali hapakuwa na wimbi lolote. Kati ya watu 147, asilimia 54 walisema wamepata dalili, na waliokuwa na wasiwasi tangu mwanzo wakazidishiwa na filamu ile ya hatari. Nilifikiria ni mara ngapi sauti za kutisha kuhusu minara zimezungushwa kwenye makundi ya simu hapa mjini, na kwamba Mama Mkubwa husikilizishwa na wateja wake karibu kila wiki.

Tena nilikuwa sijaliuliza swali ambalo taarifa ile ya mwaka 2005 inalisisitiza, kwamba mgonjwa kama huyu apimwe kwanza magonjwa mengine, na mahali anapoishi pakaguliwe kelele, mwanga na hewa chafu. Nilimwomba radhi, mbele ya watu walewale niliomwaibisha mbele yao, nikamwomba pia anitunzie hesabu ya usiku anaoamka. Alikubali baada ya muda. Mjukuu wake akawa anaandika, na kando yake nikamwomba aandike usiku ambao umeme umekatika. Baada ya mwezi na nusu daftari lilikuwa wazi: karibu kila usiku aliokosa usingizi ulikuwa usiku wa umeme kukatika. Mnara hauzimiki umeme unapokatika. Mawimbi yake yanabaki yaleyale. Kinachobadilika ni jenereta ya mnara huo, ambayo huwaka na kunguruma mita sitini kutoka kitandani kwake, na moshi wa dizeli kuingia dirishani upepo wa ziwani unapovuma kuelekea huko. Mnara ulikuwa unamuumiza kweli, kwa njia ambayo hakuna mtu aliyejali kuiangalia, mimi nikiwa wa kwanza.

Tulikwenda hospitali nyingine, na safari hii nilimwomba daktari amsikilize bila kumkatiza. Presha yake ilikuwa 170 kwa 100, na hakuwahi kuambiwa kwamba ana presha. Macho nayo yalihitaji miwani, kwa kuwa alikuwa akikodoa macho kusoma ujumbe kwenye kioo kidogo cha simu, jambo ambalo peke yake linatosha kumuumiza mtu kichwa. Amepewa dawa na miwani. Maumivu yamepungua sana, ingawa hayajaisha, na bado anasema kwamba simu ikikaa sikioni muda mrefu hajisikii vizuri. Sibishani naye. Anaiweka mezani na kuzungumza kwa spika, na hilo halimgharimu chochote.

Kilichokuwa kinamgharimu ni vibandiko. Kijana mmoja anayepita na begi mitaani alikuwa amemuuzia viwili, vya kubandika nyuma ya simu ili kuzuia mionzi. Mamlaka ya Marekani inayolinda walaji ilikwisha kuonya kwamba vikinga vya aina hiyo havisaidii, kwa kuwa simu yote hutoa mawimbi na si sehemu ya sikio pekee, na kwamba kikinga kikiingilia mtandao kinaifanya simu iongeze nguvu. Nilipomweleza hilo alivibandua mwenyewe kwa kucha.

Aliniuliza pia kuhusu saratani, na sikumficha kitu. Mwaka 2011 wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliyaweka mawimbi haya katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani lakini ushahidi wake ni finyu. Kundi hilo lina pia mboga za kusindika kwa chumvi za kule Asia na dawa ya jani zima la mshubiri. Mwaka 2024 ulichapishwa uchambuzi ulioombwa na shirika hilo, wa tafiti 63, ambao haukukuta uhusiano kati ya matumizi ya simu na saratani ya ubongo. Mambo ya mionzi hapa kwetu yanasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na mwenye wasiwasi kuhusu mnara ana haki ya kuomba maelezo huko badala ya kuyachukua kwa muuza vibandiko.

Jambo lililomfariji kuliko yote halikuwa takwimu. Nilimweleza kuhusu Gro Harlem Brundtland, daktari aliyekuwa Waziri Mkuu wa Norwei na baadaye mkuu wa Shirika la Afya Duniani, ambaye mwaka 2002, akiwa bado katika kiti hicho, alisema hadharani kwamba simu za mkononi zinamuumiza kichwa na kwamba hataki ziwashwe ofisini mwake. Miaka mitatu baadaye, yeye akiwa amekwisha kuondoka, shirika lilelile likasema kwamba dalili ni za kweli na chanzo hakijathibitishwa kuwa ni mawimbi. Mama Mkubwa alinyamaza kidogo, akauliza, "Na yeye walimcheka?" Nikamwambia kwamba wapo waliomcheka. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemsikia ndugu aliyefikwa na msiba mbali na kwao.

Wiki iliyopita tuliandika barua kwa serikali ya mtaa, kuomba mwenye mnara aihamishe jenereta upande wa pili wa kiwanja au aizungushie ukuta wa kuzuia sauti, na bomba la moshi liinuliwe. Mimi ndiye niliyeshika kalamu, naye akawa ananitajia maneno. Nilipofika mahali pa kueleza madhara nilimuuliza kama niandike kelele peke yake. Alisema niandike kwamba mkazi wa nyumba ya jirani anaumwa kichwa, hapati usingizi, ana presha na ni mtu mzima. Majirani tisa wametia saini chini ya jina lake.